Methali ya Mama Benedetta

Mimi natengeneza baiskeli njia panda ya Moding, na kwa sababu hiyo mimi ndiye wa kwanza kuulizwa njia na watu wa utafiti. Gari linasimama, kioo kinashuka, kijana msafi anatoa kichwa. "Boss, kwa Mama Benedetta ni wapi?" Haulizi kwa chifu wala zahanati. Namwonyesha kwa spana, gari linaondoka, nabaki na vumbi. Kama vumbi la wasomi lingekuwa elimu, leo mngeniita profesa.

Sisi watu wa mpakani tumetafitiwa mpaka tumelainika. Wenzetu wana dhahabu, wengine wana chai. Sisi tuna majibu. Walikuja wa minyoo, wakaja wa vyandarua, wa mbolea, wa maji ya kisima, na wale waliotaka kujua kwa nini madereva wa malori wanaokwama kwenye foleni ya Malaba huishia kuoa papo hapo. Wanachukua damu, choo na maoni, wanashukuru, wanaacha mche wa sabuni, wanakwenda zao. Huku kwetu inaitwa sabuni ya utafiti, na kuna nyumba ambazo hazijawahi kufulia sabuni nyingine.

Mama Benedetta, mjane wa marehemu Matthew, ndiye aliyekuwa bingwa wa kujibu. Imani yake ilikuwa moja: mgeni aliyetoka mbali haondoki mikono mitupu. Akitaka kuku, mpe kuku. Akitaka jibu, mpe jibu, tena lililonona. Aliwajua wataalamu kwa aina zao. Wa afya wanapenda kusikia kwamba ulikwenda kliniki mapema. Wa kilimo wanapenda mbolea. Chandarua sema unalala ndani yake, hata kama kimezungushiwa vifaranga. "Na hawa watu wa sheria," alikuwa akisema, "wapeni mila. Ukiwanyima mila wanaondoka wamenuna, utadhani walikuja matanga wakakosa nyama."

Kila iliposikika kwamba gari linakuja, wanawake wa kijiji walikusanyika kwake jioni ya kuamkia siku hiyo, wakafundishwa majibu. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa ni kama kufagia uwanja. Mmoja tu ndiye hakualikwa: jirani yake Akwii. Ukimwuliza Akwii ana watoto wangapi, anaanza na mwaka ambao ng'ombe wa baba yake aliibwa, na mwaka wenyewe anaukosea. Watafiti wawili walishawahi kukaa kwake mpaka chai ikapoa, wakaondoka bila kuandika kitu. "Huyo atatuaibisha," Benedetta alisema, na tangu hapo magari yakawa yanapita mlango wa Akwii bila kupunguza mwendo.

Basi akaja Daktari Gordon Orwa. Si daktari wa sindano, ni wa sheria, mwalimu wa chuo kikuu, mtu wa kule ziwani. Alitaka kujua mila ya Iteso, kabila letu, inasema nini kuhusu shamba la mjane. Aliyempokea ni Otukei, mdogo wa marehemu Matthew, yaani shemeji yake Benedetta. Otukei akaweka chungu cha ajono, ile pombe yetu ya wimbi, akamimina maji moto, mirija mirefu ikazunguka, watu wakaketi.

Daktari akauliza: mume akifa, shamba linabaki la nani?

Sasa fikiria mwenyewe. Mwenye chungu ni Otukei, na Otukei amekaa pale pale. Kwa adabu ya kwetu, mke wa mji hampingi mwenye chungu mbele ya mgeni. Na mgeni mwenyewe ametoa macho, anasubiri mila. Benedetta akavuta mrija, akafikiri kidogo, akatoa mdomo. "Daktari, wazee wetu husema: mjane hana shamba, ana shemeji."

Watu walicheka sana. Otukei akaongeza maji moto. Daktari akaomba arudiwe, akarudiwa. Siku zilizofuata akapita nyumba kwa nyumba kuwahoji wanawake wengine, kila mmoja peke yake ili asimsikie mwenzake, na kila mmoja, kwa kuwa jioni ile ile alishafundishwa na Benedetta, akampa methali ile ile. Daktari aliondoka Moding na furaha ya bwana harusi. Sabuni ilikuwa ya maua.

Hakuna mzee aliyewahi kusema maneno hayo. Benedetta aliyatunga papo hapo, ajono ikiwa bado ya moto.

Mwaka jana matajiri wa malori walianza kutafuta viwanja vya kuegesha karibu na barabara ya Malaba, na shamba la Benedetta limepakana na barabara hiyo. Lina mihogo, lina njugu, na kwenye kona yake kuna kaburi la Matthew. Otukei alikwenda kumwona shemeji yake, akamwambia kwa upole ahamie uani kwake, atamtunza. Benedetta akakataa. Otukei akasema basi, twende kwa wazee. Hapo Benedetta hakuwa na wasiwasi hata kidogo, maana shamba alionyeshwa na baba mkwe mwenyewe, Mzee Ojakol, mkonge ukapandwa mpakani.

Naibu wa chifu, Echodu, akaita wazee wa ukoo kwenye ukumbi wa kanisa. Otukei akaja na shahidi. Mnamjua: Daktari Orwa, tai shingoni.

Nimeishi miaka mingi lakini sijawahi kuona jambo kama lile. Wazee wa Iteso, wenye mvi zao, walinyoosha migongo wakamsikiliza mtu wa ziwani akiwaeleza mila ya Iteso. Nami nilikuwepo, nikanyoosha mgongo vilevile.

"Utafiti wangu," daktari alisema, "unaonyesha jambo ambalo ni nadra. Wanawake wote niliowahoji hapa, kila mmoja peke yake, walinipa methali moja, neno kwa neno. Mjane hana shamba, ana shemeji."

Ukumbi ukaguna. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaitikia kwa kichwa. "Kweli kabisa. Hiyo babu yangu alikuwa anaisema sana." Babu yake alikufa yeye hajazaliwa.

Benedetta akasimama, uso umemwiva. "Hiyo methali ni yangu! Mimi ndio nilitunga, pale kwa Otukei, tukikunywa ajono!"

Watu wakaangua kicheko. Echodu akainua mkono. "Mama, methali haina mwenyewe. Sasa tuambie, ulidanganya wakati ule, ama unadanganya leo?"

"Wakati ule nilikuwa na mgeni," Benedetta akajibu. "Leo niko na shida."

Echodu ni mtu wa haki, sikatai. Alimpa nafasi alete wale wanawake wenyewe waseme. Wiki iliyofuata wakaja, wamevaa vizuri, wakasimama mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akasema: "Hiyo methali si ya wazee, tulifundishwa na Mama Benedetta ili kufurahisha mgeni." Wa pili akasema: "Hiyo methali si ya wazee, tulifundishwa na Mama Benedetta ili kufurahisha mgeni." Alipofika wa nne Echodu akamkatiza.

"Na hii nayo, mmefundishwa na nani?"

Wanawake wakaangalia miguu yao. Maana ndiyo, jioni iliyotangulia walikuwa kwa Benedetta. Hakujua njia nyingine ya kumwandaa mtu kusema. Majibu yalipofanana mbele ya daktari yaliitwa ukweli. Yalipofanana mbele ya naibu wa chifu yakaitwa njama. Wazee wakasema watakaa mara moja tu tena, watoe uamuzi.

Siku ile Benedetta alipita kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akalia waziwazi, hakujificha. "Wataegesha malori juu ya Matthew," alisema. Mchimba kisima huingia mwenyewe, hilo nilitaka kumwambia, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini niliona huruma. Nikamwambia, "Mama, kuna mtu mmoja bado hujamfundisha."

Yaliyotokea kwa Akwii nayajua kwa sababu Akwii aliyasimulia sokoni kwa yeyote aliyekuja kununua nyanya. Alikuwa anabangua njugu. Benedetta akasimama mlangoni, akasalimu, "Yoga," akaachwa asimame. Mwishowe Akwii akauliza, "Unataka niende niseme nini?"

Benedetta alikuwa na jibu tayari, limenyooka, tamu. Likamfikia kwenye meno akalimeza. "Sema yale unajua, dada yangu."

"Najua mengi. Ingine hutapenda."

"Basi nisipende."

Akwii alizungumza mbele ya wazee mpaka kivuli cha msalaba wa kanisa kikahama. Alianza na mvua ya mawe iliyoua bata wake. Akaingia kwenye ugomvi wake na Benedetta kuhusu mbuzi. Akasema Benedetta ni mwongo tangu zamani, hata marehemu mume wake alijua, na kwamba vyandarua vyote vya kijiji vimelaza vifaranga wengi kuliko watoto. Benedetta alikaa ameinamisha kichwa, akikatwakatwa hadharani na shahidi wake mwenyewe. Daktari Orwa alikuwa ameacha kuandika, kama wenzake wawili walivyoacha walipofika kwa Akwii.

"Sasa siku ile Mzee Ojakol alionyesha huyu mwongo shamba," Akwii aliendelea, "mimi ndio nilishika miche ya mkonge. Na Otukei ndio alichimba mashimo, akinung'unika, juu alikuwa anataka kukimbia Malaba. Kulikuwa na lori imeanguka huko, lori ya mafuta ya kupika, na kila mtu amebeba mtungi..."

"Uongo!" Otukei akaruka. "Haikuwa mafuta! Ilikuwa sukari, na mimi nilifika kama imeisha, juu ya hayo mashimo yenu!"

Echodu akamgeukia polepole.

"Mashimo gani, Otukei?"

Otukei akakaa. Alitazama dirishani, akamtazama daktari, kana kwamba daktari angemletea methali nyingine. Kwa mara ya kwanza Akwii alikuwa amekosea mahali panapofaa. Wazee hawakuchukua muda: shamba ni la Benedetta, lilionyeshwa, mkonge upo, na aliyechimba amejisema. Yule mzee wa mstari wa mbele akaongeza kwamba hata babu yake asingekubali mjane anyang'anywe.

Daktari Orwa, nampa haki yake, alikwenda kumwomba Benedetta radhi. Alisema kosa litasahihishwa katika toleo lijalo la kitabu chake, ambacho kilishasambaa kote. Benedetta akamshika mkono. "Eyalama," akamwambia, yaani asante, na akataka kujua toleo ni lini. Daktari akasema mambo hayo huchukua muda.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao hawakuwahi kufanyiwa utafiti.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwanamke aliteremka kwenye pikipiki mbele ya kibanda changu, akauliza kwa Mama Benedetta. Hakuwa na kalamu wala sabuni. Aliitwa Brigid, mjane wa Bukhayo, na mashemeji zake walikuwa wamemwita kikaoni kesho yake. Nikaacha kazi nikampeleka mwenyewe. Alipofika kwa Benedetta alizungumza akiwa bado amesimama.

"Mama, nimesikia wewe ulishinda. Mimi wananiambia mjane hana shamba, ana shemeji. Hiyo neno unaijibu namna gani?"

Benedetta akaingia ndani, akatoka na gauni lake la Jumapili mkononi, akaniomba niazime pikipiki kwa kesho.

Tulikwenda. Wazee wa kule si Iteso hata kidogo, ni Wakhayo, na methali ile walikuwa nayo kwa lugha yao, tena imenoga kuliko ya kwetu. Benedetta alisimama katikati yao. Hakupamba. "Hiyo methali nilitunga mimi," alisema. "Nilikuwa nakunywa pombe, na nilitaka kufurahisha mgeni. Hakuna mzee alisema. Msimnyang'anye huyu mama shamba kwa uongo yangu."

Hawakumcheka. Ingekuwa afadhali wangemcheka. Mzee wao aliinuka, akamvutia kiti. "Kaa, mama," alisema kwa heshima kubwa. "Umetoka mbali. Lakini hiyo ni maneno ya mababu zetu. Tumezaliwa tukaikuta."

Benedetta akatazama kulia na kushoto amtafute mtu wa kubisha. Kule Bukhayo hakukuwa na Akwii. Shamba la Brigid likaenda kwa shemeji kabla chai haijaletwa.

Na kwa sababu mgeni aliyetoka mbali haondoki mikono mitupu, walimfungia Mama Benedetta kuku, jogoo mzuri, mwekundu. Alimpokea, akashukuru kama inavyotakiwa. Brigid alitusindikiza hadi barabarani, na hapo Benedetta akamtia yule jogoo mikononi, akapanda nyuma yangu. Alilia mpaka tukapita Malaba.