Kipande cha Pili cha Doti

Pale Rwamgasa, kwenye kituo chetu cha kutunza watoto, mtoto alitolewa kwa kanga. Asubuhi akina mama wanaoponda mawe machimboni walituachia watoto wao, na kila mmoja alikuwa ameikata doti yake vipande viwili: kimoja anajifunga kwenda nacho kazini, kingine kinabaki na mtoto. Jioni, anayekuja na kipande kinachofanana ndiye anayepewa mtoto. Akina mama wengi hawakusoma, na watu wa kutumwatumwa kuchukua watoto walikuwa wengi mno. Leo shangazi, kesho jirani wa jirani. Kanga haikosei, tulisema sisi wa kujitolea. Tukajisifu nayo hata kwa wageni, jamani, utadhani tumevumbua umeme.

Hakuna aliyeupenda utaratibu huo kama binti mmoja kutoka upande wa Ushirombo. Namwita binti kwa kuwa ningeweza kumzaa. Alikuwa na mtoto wa kike, ndiyo kwanza miguu imekaza, kutwa kidole mdomoni. Yeye na baba wa mtoto walikwishaachana, na mwanamume alikuwa ameapa kumchukua mtoto ampeleke kwa mama yake mzazi Nkome, ziwani kwenye dagaa. Mtoto wao wa kwanza alichukuliwa hivyo hivyo, na binti hakumtia machoni tena. Kila asubuhi alinishika mkono, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, asiye na korosho hizi usimpe. Hata akilia. Hata akija na mjumbe." Kanga yake ilikuwa ya zambarau, yenye korosho nyeupe. Nikamwambia, wee, nenda kaponde mawe yako, mimi nipo.

Siku ile kuta za duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, ziliporomoka. Tulisikia filimbi, kisha watu wakikimbia, kisha vumbi likatufikia, tukafunika sufuria ya uji. Kwetu, maiti ikitolewa kwenye kifusi, mwanamke aliye karibu anavua kanga yake na kumfunika, awe anamjua au hamjui. Hafikirii. Kumwacha mtu wazi juani, watu wanamkodolea macho, hiyo haipo.

Sisi tuliendelea kugawa uji. Ningesema nililia, lakini sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ang'olewe jino: mdomo unafanya kazi, mwenyewe siusikii.

Alasiri akaja kijana mmoja, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Akanyoosha kanga ya zambarau yenye korosho nyeupe, imelowa, imekunjwa vizuri. Akasema mama wa mtoto yuko kule kwenye msiba, kamtuma. Mwenzangu aliyekuwa zamu ya mlangoni akaleta kipande cha mtoto, akaviweka pamoja, korosho kwa korosho. Vikakutana. Mtoto alipomwona yule kijana akatoa kidole mdomoni, akacheka, maana alikuwa baba yake.

Mimi nilikuwa na upawa mkononi. Niliona kanga ile imelowa nini. Nikauliza, "Mama yake mzima?"

"Mzima kabisa."

Na hapo hakudanganya. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba kijana alikuwa mmoja wa waliobeba maiti. Walipomfikisha marehemu zahanati akafunikwa shuka, na kanga ile ya zambarau aliyofunikwa nayo ikabaki pembeni. Utaratibu wetu aliujua. Machimbo yote yaliujua, si tulijisifu? Akampakata mtoto, akaacha kile kipande kikavu kwenye benchi. "Wabeja, mayu," akashukuru, akaenda kupanda bodaboda.

Jioni wanawake walirudi mabega wazi, wengi hawana vipande, kanga zao zimekwenda na maiti na majeruhi. Tukasimama mlangoni tunatazamana. Kisha watoto wakaanza kukimbilia mama zao, kila mmoja kwa wake, nasi tukawaachia. Hakuna mtoto aliyekosewa. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Binti alikuja wa mwisho. Alianza kuomba radhi tangu njiani. "Mayu, usinigombeze. Kanga yangu nimemfunika mtu, hata jina simjui. Lakini wewe si unanijua?"

"Nakujua," nikasema.

Akanyoosha mikono apewe mtoto.

Mwenzangu alikwishaingia ndani, anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nikamwambia mimi mwenyewe. Nikasema baba yake alikuja, na korosho zilikutana. Nilitamka hivyo hivyo, korosho zilikutana, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilitaka anipige. Hakunipiga, wala hakupiga kelele. Mikono yake ilibaki vile vile mbele, mpaka nikaweka juu yake kile kipande kikavu, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kuweka.

Akakinusa. Akajifunga kiunoni, akakaza fundo, akauliza bodaboda za Nkome zinasimama wapi siku hizi. Nikamwonyesha.

"Wabeja, mayu," akasema, kama alivyosema kila jioni akipokea mtoto wake.

Nikaitikia.