Sauti ya Kaka na Chipu Yenye Mbio

Mchana kweupe, fundi amewasha taa mbili na bado anafinya macho. Mbele yake imelala kadi ya kompyuta, ubapa wa kijani uliotoka kiwandani kabla nusu ya wateja wake hawajazaliwa. Ncha ya chuma cha moto inagusa risasi ya kulehemu, moshi mwembamba unapanda, naye anabana pumzi. Akikosea hapa, kaka yake atabaki bila sauti.

Mtaani wanamwita Mama Mbio. Kazi yake ni kuchukua kadi za kompyuta kuukuu, kung'oa chipu inayofikiri polepole, kupachika yenye kasi zaidi, kisha kuongeza kumbukumbu. Wateja wake ni wenye karakana ambao mashine zao bado nzima, ila ubongo umezeeka. Utajiri hamna. Mwezi mzuri unalipa pango. Mwezi mbaya mwenye nyumba anasalimiwa kwa mbali.

Kadi ya leo ni ya nyumbani. Kaka yake mkubwa alikuwa dalali wa mnada, na mdomo alikuwa nao: kabati bovu alilinadi hadi aliyelileta akatamani kulinunua. Kisha koo likaugua. Madaktari wakaokoa uhai wake, sauti ikaenda.

Tangu hapo yeye anaandika, kompyuta inasema. Shida ni kwamba kompyuta yenyewe haina haraka. Mezani akitaniwa anaandika jibu, mashine inakoroma weee, na jibu linapotoka watu wameshahamia habari za mvua. Taratibu akaacha kujibu.

"Kaka yangu, mtu asiyepitwa na neno, akawa anakula tu na kuondoka," anasema fundi. "Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe."

Simu mpya inayosoma maandishi kwa sauti waliijaribu. Kaka aliisikiliza, akairudisha, akaandika kwamba huyo ni mtangazaji wa redio, si yeye. Bintiye amekua akikemewa na ile sauti kavu ya mashine. Kwake hiyo ndiyo sauti ya baba.

Basi fundi akafanya anachokijua. Alipachika chipu ya kasi, akajaza kumbukumbu, akamwita kaka ajaribu. Kaka akaandika, "Ahsante, mdogo wangu." Ikatoka sauti ya kifaranga aliyebanwa mlangoni, maneno yote kwa mkupuo mmoja. Nyumba nzima ikaangua kicheko, fundi akiwemo. Kaka akaizima mashine, akaingia chumbani, na tangu siku hiyo hajaiwasha.

"Ile programu inapima urefu wa kila neno kwa mapigo ya chipu," anaeleza. "Chipu ikikimbia, sauti inakimbia nayo. Nilijua. Furaha ikanisahaulisha."

Kurudisha chipu ya zamani kungekuwa kumrudisha kaka kwenye kimya kile kile. Kwa hiyo leo anaipa sehemu ya sauti mapigo yake yenyewe: kijiwe kidogo alichokitoa kwenye kadi iliyokufa, kinachodunda kwa mwendo wa zamani. Chipu iwaze mbio, mdomo uende taratibu. Lakini kipande kinachotoa sauti hakitengenezwi tena popote, na joto likizidi kidogo tu, kimekwenda.

Anaweka chuma pembeni. Anarudisha kadi mahali pake, anawasha, anamtuma binti akamwite baba yake.

Kaka anakuja, anasimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kuonyeshwa jeneza. Anabembelezwa mpaka anakaa.

"Kaka, nitukane," fundi anamwambia. "Upesi."

Vidole vinagonga. Papo hapo, nzito na kavu kama zamani, sauti inasema: "Uso wako kama lile kabati bovu."

Hakuna anayecheka. Binti amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha mabega ya kaka yanaanza kutikisika, bila mlio, na ndipo wote wanacheka.

Sasa fundi anapekua marundo ya vyuma chakavu akitafuta kipande cha pili cha sauti, akiba. "Hiki nacho kina siku zake," anasema. "Sitaki kife nikiwa mikono mitupu."

Kaka naye ana lake. Anataka kurudi mnadani, anadi kitu kimoja tu, hata kiti cha miguu mitatu.

"Wasipokitaka, nitakinunua mimi," anasema fundi, akijifuta macho kwa kitambaa cha kazi.

Hajamaliza kujifuta, mashine inamuuliza: "Kwa bei gani?"