Kura ya Nyumba ya Damien

Agnès anasuka nywele hapa Jeppestown, Johannesburg, kwenye chumba cha chini, jirani na mafundi wa kuchomelea. Mimi ni Mtanzania, mtu wa kupita tu, leo nalala huku kesho kule, lakini kwake sikosi kiti na chai. Mumewe, Damien, alikuwa mlinzi wa geti. Alianguka kazini, presha, na hakuamka tena.

Agnès alitaka jambo moja tu: mumewe azikwe hapahapa Johannesburg. Yeye na watoto wanaishi kwa karatasi ya ukimbizi, na ukirudi Kongo karatasi hiyo imekufa. Mwili ukienda Bukavu, kaburi hatalikanyaga maisha yake. Lakini Gustave, mdogo wa Damien, alitaka kaka yake alale kwa baba zao. Mazishi yanalipwa na chama chao cha watu wa Bukavu, basi ikabidi chama kipige kura.

Chama hicho kina desturi yake. Nyumba moja, kura moja, na kura ni ya baba. Wanawake wanachanga, wanapika, wanalia msibani, ila mkono hawanyooshi. Baba akiwa zamu, mke huleta koti lake na kulitundika kwenye kiti cha upande aliotumwa, na koti linahesabiwa. Miaka yote Agnès ndiye aliyebeba koti la Damien, maana walinzi hawana Jumapili.

Siku ya kura nilikaa nyuma. Wa kuzika hapa walikaa kushoto, wa kusafirisha kulia. Hénock, mwenyekiti, akahesabu, akarudia. Pande zimelingana.

"Imebaki nyumba ya marehemu," akasema.

Agnès akasimama kushoto. "Iko hapa, Président."

"Kaa, mama. Kura ya nyumba iko na baba wa nyumba."

"Baba wa nyumba iko mochwari."

Kisha Arlène, muuza vitenge, akaguna. "Eish, mumungojee basi! Labda atakuja na teksi."

"Mama Arlène, heshima."

"Heshima gani? Koti munahesabu, mwanamke munaruka. Koti linazaa? Koti linalipa nyumba?"

Mzee mmoja wa kulia akadakia, "Tukiwapa kura hapa, kesho watatupigia kura jikoni."

"Jikoni tulishashinda zamani, papa. Angalia tumbo lako."

Watu wakacheka, hata mimi. Agnès hakucheka. Aliwatazama wanaume wa kushoto, waliokuwa wanamtakia mema, mmoja mmoja. Wote wakainamisha macho. Kaburi walikuwa tayari kumpa, kura hapana.

Basi akafungua mfuko wake, akatoa koti la kazi la Damien, akalitundika kwenye kiti cha kushoto.

"Mukinikataa miye, hesabuni hii. Alichotaka ninakijua. Nililala naye kitanda kimoja."

Hénock akajikuna kidevu. "Desturi inasema koti. Haisemi mwenyewe awe mzima."

Wanawake wakapiga vigelegele. Agnès akajifunika uso kwa mikono, akalia. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia.

Hapo Gustave akainuka. Alitembea taratibu mpaka kwenye kile kiti, akashika koti, akalinusa. Tulidhani anaaga. Kumbe alilivaa. Akafunga vifungo vyote, mikono ya koti ikimwishia juu ya kifundo cha mkono, akarudi kukaa kulia.

"Sasa koti lina mwanaume ndani," akasema.

"Vua!" Agnès alipiga kelele. "Vua, Gustave! Ile ni ya bwana yangu!"

"Alikuwa kaka yangu mbele awe bwana yako, shemeji."

Agnès akamfuata, akapiga magoti, akalishika koti kwa chini. "Président, sema kitu. Unaona mwenyewe. Sema."

Hénock alikuwa anaona. Akatazama sakafu. "Nyumba ya Damien imesema. Mwili unaenda."

Wanaume wawili wakambandua Agnès vidole kwenye koti, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliniumiza zaidi.

Gustave ana kibali cha kazi, kwa hiyo yeye ndiye aliyesafiri na mwili. Siku ya kuzika alitupigia simu ya video, tukajazana kwenye chumba cha nywele. Akatuonyesha kwaya, akatuonyesha mchungaji, akatuonyesha magari ya wageni.

"Geuza simu, shemeji," Agnès akamwambia. "Onyesha chini."

Kwaya ilikuwa inaimba, Gustave hasikii.

"Chini, shemeji! Tafadhali! Chini!"

Alipokuja kugeuza, udongo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wanakung'uta viatu. Kisha mtandao ukakatika.

Agnès akabaki ameshika simu, kioo kimekuwa cheusi. Akatuuliza kichwa cha Damien kimelala upande gani. Hakuna aliyejua.