Mvua Iliyoingia Shimoni kwa Cuilian

Kwetu Bonde la Maji Machungu, katika vilima vya udongo wa manjano vya Gansu, mtu akija kuposa, wazee wa binti hawaulizi habari za nyumba. Huuliza, "Mna mashimo mangapi ya maji, na yanafika mwezi gani kabla ya kukauka?" Chemchemi zetu zina chumvi, hata punda huzinusa akageuza shingo. Maji ya kunywa ni ya mvua tu, yanayotiririka kutoka uani, yakapitia tundu tunaloliita mlango wa maji, mpaka kwenye shimo refu lenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ndiyo maana Gaihua alikubali kuolewa na Youwang, mwanamume mpole asiye na sura wala maneno. Mama yake alimwambia, "Mume utamzoea, mwanangu. Kiu huizoei."

Shimo la akina Youwang lilikandikwa kwa udongo mwekundu uliotwangwa na baba mkwe mwenyewe, na maji yake yalikuwa matamu kuliko yote bondeni. Gaihua alilitunza kama mtoto. Wingu likionekana tu, alikuwa uani na ufagio. Ufunguo wa kufuli la shimo aliuvaa shingoni. Katika nyumba nyingine mgeni hupewa mkate wa mvuke, maji asitaje. Kwa Gaihua mgeni alipewa mkate na nusu bakuli ya maji, naye mwenyewe alisimama kando akimwangalia mpaka amalize.

"Yakoje?" aliuliza.

"Matamu, dada Gaihua. Kama peasi."

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Watu wakifanya harusi walimjia yeye kuomba maji ya chai, naye aliwazungusha kidogo kwanza, kisha akafungua.

Halafu mdogo wake Youwang akaoa. Bibi harusi, Cuilian, alitoka upande wenye mto. Asubuhi ya kwanza alinawa uso kwa beseni zima la maji, akayamwaga uani, mwaa! Kijiji kizima kilisikia habari hiyo kabla ya mchana. Gaihua alicheka wiki ile yote. Alimwona shemeji yake huyu mdogo kuwa mpumbavu mwenye meno mazuri, na mpumbavu hana wa kumwonea wivu.

Lakini Cuilian alijifunza upesi. Ulipokuja mradi wa kugawa saruji kwa kila aliye tayari kuchimba, Gaihua alikataa. "Maji hayalali ndani ya jiwe," alisema. Cuilian na mumewe walichimba la kwao upande wa pili wa ukuta, wakapiga lipu, wakaumwagia ua wote saruji ukawa laini kama sinia. Mvua ya kwanza ikaonyesha tofauti. Ua wa Gaihua ulinywa nusu ya maji kabla hayajafika shimoni. Ua wa Cuilian haukunywa hata tone.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa ukame. Ndoo ya Gaihua ilianza kupanda na tope. Ya Cuilian ilipanda imejaa, naye hakuweka kufuli. Watu wakaanza kupita mbele ya mlango wa Gaihua bila kusimama. Mama mkwe akahamisha blanketi lake kwenda kwa Cuilian, akisema tu kwamba kitanda cha kule kina joto zaidi. Mwisho hata Youwang akawa anavuka ukuta kila asubuhi kwenda kunywa chai.

"Chai ya hapa ina nini?" Gaihua alimwuliza.

"Haina kitu."

"Basi?"

"Ya kule haina mchanga," Youwang akasema, mtu asiyesema neno mwezi mzima.

Kauli hiyo ilimkaa Gaihua kifuani. Akatangaza kwamba maji ya saruji yanaharibu figo. Akasema Cuilian anagawa maji ili asifiwe. Usiku akiweka kichwa chini, alisikia kamba ya jirani ikikwaruza mdomo wa shimo, hata kama hakuna aliyekuwa akiteka.

Mwanzoni mwa kiangazi, Cuilian alimpeleka mama mkwe gulioni ng'ambo ya kilima kununua dawa ya magoti. Kabla ya kuondoka alisimama ukutani.

"Dada, kondoo wamelala uani leo, sijafagia. Mvua ikija, niwekee gunia kwenye mlango wa maji. Uchafu ukishapita, nitafungua mwenyewe."

"Mvua gani? Nenda bwana."

Mvua ilikuja alasiri, kubwa, ya ghafla. Gaihua aliziba mlango wake, akafagia, akaacha maji ya kwanza yaende bondeni, kisha akafungua. Halafu akaenda ukutani. Aliona samadi ya kondoo ikielea juu ya ile saruji laini, ikienda taratibu kuelekea mlango wa shimo la Cuilian. Gunia lilikuwa pale pale, hatua chache. Alisimama amelowa mpaka mfupani. "Ana watu wengi," alijiambia. "Wamzibie hao anaowanywesha." Akaangalia mpaka ya mwisho ikazama.

Siku ya tatu mama mkwe, ambaye alipenda maji mabichi ya ndoo, yasiyochemshwa, alianza kuharisha. Siku iliyofuata hakuweza kusimama, na midomo yake ilipasuka kama shamba. Daktari wa tarafa alimtundikia dripu, akanusa bakuli, akasema, "Haya msiyanywe. Toeni yote."

Basi Cuilian akatoa. Ndoo baada ya ndoo, maji ya mwaka mzima, akayamwaga kwenye viazi huku analia bila sauti. Gaihua aliyasikia yakimwagika. Alikuwa ameomba siku nyingi shimo lile likauke, na sasa kila ndoo ilipogonga ardhi, alijiziba masikio.

Watu wakarudi mlangoni kwake na ndoo zao. "Dada Gaihua, tuokoe." Aliufungua mlango, akawatekea, wala hakuuliza mtu yakoje. Alimpelekea mama mkwe maji yaliyochemshwa, akamnywesha kwa kijiko. Kikongwe akameza, akasema kwa shida, "Yako bado ndiyo matamu." Gaihua akatoka nje akijifanya anatafuta kuni.

Cuilian alikuja wa mwisho jioni ile.

"Dada, siku ile nilikuwa nashuka kilima cha pili mvua ilipoanza. Nilianza kukimbia. Kisha nikakuona umesimama ukutani kwangu, nikashukuru. Nikamwambia mama, tujikinge kwanza, dada yuko. Niliporudi nikakuta mlango wa maji wazi, nikajua umeziba na kufungua. Uliziba?"

"Sikuziba."

"Hukuona?"

"Niliona."

"Sasa kwa nini?"

"Wote wanakuja kwako," Gaihua akasema. "Hata mume wangu."

Watu wanaosimulia hupenda kusema Cuilian alimpiga, lakini hakumpiga. Aliweka ndoo chini. "Jaza."

Gaihua akajaza. Ikawa hivyo kila siku mpaka baridi: ndoo inakuja, ndoo inajazwa, salamu hakuna. Mama mkwe alipona, ila hakurudi kuwa na nguvu zake, na alikufa bila kuambiwa yaliyotokea ukutani siku ile.

Majira yaliyofuata Gaihua aliomba saruji. Mdomo wa shimo lake ulikuwa mwembamba, na Youwang alikuwa mnene wa mabega, hakupita. Cuilian akatokea bila kuitwa, amefunga kitambaa kichwani na mwiko mkononi.

"Usidhani nimesahau."

"Najua."

"Nishushe basi."

Akashuka kwa kamba. Gaihua alimteremshia mchanganyiko ndoo kwa ndoo, na walipiga lipu kutwa nzima wakisemezana maneno ya kazi tu: leta, ngoja, mzito mno, ongeza maji. Kuelekea jioni Gaihua aliinama mdomoni mwa shimo.

"Cuilian. Hili na lako, lipi kubwa?"

Cuilian akapima ukuta kwa mwiko kule chini.

"Lako limezidi. Kidogo."

Gaihua alifurahi. Aliona haya kwa kufurahi, lakini alifurahi.