Kinailoni cha Betri

Kila umeme ulipokatika pale mjini Pernik, saa ya kidhibiti joto cha Tsvetana ilirudi sifuri, nyumba ikachemka mchana na kuganda usiku, na fundi akaitwa tena. Bingwa huyo aliingia na bisibisi yenye kibandiko cha dukani, akapuliza vidole, akarekebisha saa, akaitukana serikali, akamaliza pombe ya watu, rakia. Jana, mwanawe akikohoa chumbani, Tsvetana alimpokonya fundi bisibisi akakifungua kidhibiti mwenyewe. Betri ya akiba ya saa ilikuwa bado imezibwa na kinailoni cha kiwandani, haijawahi kufanya kazi hata siku moja.

“Fundi, hiki si ulitakiwa ukitoe siku ulipokuja kufunga?”

“Nikitoe? Dada, kitu chenyewe bado kipya!”

Kisha, kwa huruma ya mstaarabu, akatoa simu yake, ingali ndani ya nailoni, amfundishe jinsi vitu vinavyotunzwa.