Mchango wa Mafuta ya Kwenda Thelujini

Enzi zetu baridi ya Joburg ilikuwa baridi kweli, na nyinyi mliokulia Turffontein wakati ule mtanishuhudia. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, bomba limeganda halitoi hata tone, na sisi tunakwenda shule tukipumua moshi na kujifanya tunavuta sigara. Jioni hita ya mafuta ya taa ilinuka mpaka kwenye ugali. Tulicheza mgusha, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, tukaitwa ndani kwa makelele, na hakuna aliyekufa. Leo wanangu wana hita ya ukutani na soksi za manyoya, na bado wananililia, "Eish Mama, kuyabanda!" Baridi gani? Baridi wanaijua wao?

Tulikaa katika moja ya zile nyumba kubwa za zamani karibu na uwanja wa mbio za farasi, iliyogawanywa vyumba vyumba. Sisi watu wa Kigoma tulikuwa mbele. Chumba cha kati kilikuwa cha Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, na binti yake Furaha aliyekuwa rika langu na adui yangu wa kila Jumamosi. Nyuma alikaa Mzee Nestori, fundi cherehani kutoka Burundi, mtu mpole ambaye ukimsalimia alisimamisha cherehani kwanza ndipo aitikie. Sote tuliongea Kiswahili, na kila mtu aliamini chake ndicho kilichonyooka. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotutia matatani.

Baba alikuwa dereva wa kampuni ya kuhamisha vyombo. Siku moja alimhamisha mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, nchi ya theluji, na yule bwana, katika kufunga mizigo yake, akagundua kuna kitu hana haja ya kukirudisha. Akampa Baba, pamoja na trela yake. Jioni ile Baba aliingia uani akipiga honi kama ya harusi, nyuma ya pikapu yake kuukuu akivuta dude jekundu lenye mkanda mpana wa mpira chini na miguu miwili bapa mbele, mdomo umechongoka kama wa bata. Ilikuwa pikipiki ya theluji. Turffontein! Mahali ambapo theluji tuliiona kwenye kadi za Krismasi tu.

Sisi watoto tuliibatiza Bata papo hapo. Mama aliliita "lidude lako," na neno "lako" alilitamka kwa mkazo. Baba aliliwasha mara moja tu pale uani. Jamani! Lilinguruma, likatoa moshi wa buluu, likaruka mbele kama limeumwa na nyuki, likang'oa nyasi, likazoa kamba ya nguo pamoja na shuka za Mama Furaha, likaenda kusimama kwenye banda la kuku. Kuku walikaa wiki nzima hawatagi. Mimi nilisimama mlangoni moyo unanidunda kwa furaha, nikajua kwamba nikifa bila kulipanda dude hili nitakuwa sijaishi.

Ila liliziba ua. Nguo hazikuwa na pa kuanikwa, watu waligonga magoti yao gizani, na wanunuzi wa vyuma chakavu walianza kupita getini na mikokoteni yao wakilichungulia. Mama akatoa hukumu yake mbele ya wote: "Baba Zawadi, lidude hili lisipotembea kwenye theluji kabla baridi haijaisha, linakwenda chuma chakavu." Zawadi ndiye mimi. Usiku ule nilimwomba Mungu alete theluji. Mdogo wangu Sefu aliomba ailete palepale uani, tusisumbuke.

Na Mungu akasikia! Jioni moja redio ikasema milima ya Free State, kule karibu na mpaka wa Lesotho, imefunikwa na theluji, na kwamba itakaa siku chache tu. Baba aliruka kutoka kwenye kiti akamwaga chai. Tulikuwa na pikapu, tulikuwa na trela, tulikuwa na Bata. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Pikapu ile peke yake ilikuwa mlevi. Ukiifunga trela yenye mzigo nyuma na kuielekeza mlimani, inakunywa mshahara mzima. Baba hakuwa na uwezo huo. Basi akafanya alilojifunza kwao kwa harusi na misiba: akaitisha mchango. Akapita mlango kwa mlango akiwa na uso wa sherehe. "Jumapili tunakwenda thelujini. Kila atakayechangia mafuta ana nafasi yake nyuma ya pikapu. Leteni mafuta, jamani, leteni mafuta!"

Siku ya pili jioni wakaja. Mama Furaha alitangulia, amejifunga kitenge kipya, amebeba kwa mikono miwili chupa kubwa ya mafuta ya kupikia. Furaha nyuma yake na chupa nyingine. Wapangaji wengine wawili nao wakaweka zao mezani. Baba alizitazama zile chupa zilivyong'aa chini ya taa, akainua moja, akaigeuzageuza.

"Mama Furaha," akasema taratibu, "haya ni ya nini?"

"Ya nini tena? Si ulisema mafuta? Mafuta njo haya! Au weye unataka ya mawese?"

"Mafuta ya gari, mama! Ya kutia kwenye gari!"

"Aa, Papa Zawadi! Kama ulitaka esanse, ungesema esanse. Nani anaita esanse mafuta?"

Baba akajishika kichwa. "Petroli, jamani! Ninachotaka ni petroli!"

Hapo Mzee Nestori, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, uso ukamng'aa. "Petroli? Iyo ninayo," akasema, akatoka mbio kwa umri wake. Tukamsubiri kwa matumaini makubwa. Akarudi na dumu lake, akalikabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote. Baba akafungua kifuniko, akanusa. Mafuta ya taa. Kumbe kwao petroli ndiyo hiyo ya kuwashia taa! Mzee wa watu alikuwa amemimina mafuta yote ya hita yake.

Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Baba hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi nilianza kulia, kwa sababu niliona wazi theluji ikiyeyuka na Bata akipakiwa kwenye mkokoteni wa chuma chakavu. Nadhani ni kilio kile kilichomgeuza Mama. Alijifuta machozi ya kicheko, akanitazama, akatazama zile chupa, akalitazama dumu. Halafu akauliza, "Mama Furaha, unga wa ngano unao?"

Wenzangu, sijui niwaeleze vipi Jumamosi ile. Tangu alfajiri farasi walikuwa wakipita barabarani kwenda mazoezini, na sisi tuko uani tunakanda. Mzee Nestori aliwasha jiko la mchina kwa mafuta yake ya taa. Mama Furaha, ambaye siku zote alisema maandazi ya Mama ni mawe, na Mama, ambaye siku zote alisema ya Mama Furaha ni sponji, walikanda katika beseni moja wakigombana, wakatoa magwinya, maandazi ya Kijoburg, ambayo sijapata kula tena mfano wake. Ganda linavunjika, ndani moto, mvuke unakupanda puani. Furaha na mimi tulibeba ndoo hadi kwenye lango la uwanja wa mbio, tukashindana nani ana sauti. "Magwinya! Magwinya ya moto!" Watu waliokuwa wameshinda kamari ya farasi walinunua kwa furaha, na waliokuwa wameshindwa walinunua kujiliwaza. Jioni Baba alikwenda kituo cha petroli, akarudi ameshika usukani kwa mkono mmoja, anapiga mluzi.

Jumapili tukaondoka. Baba na Mama mbele, Sefu katikati yao, sisi wengine nyuma chini ya turubai, tumejifunika mablanketi, Mama Furaha anaimba nyimbo za kanisani na Mzee Nestori anaitikia. Kwenye kila robot, taa za barabarani, watu walishusha vioo. "Hey, what's that?" Na sisi kwa pamoja, "Bata!" kana kwamba hilo ni jibu. Mtoto wa siku hizi ukimwambia apande nyuma ya pikapu namna ile atakuuliza kwanza kama kuna pa kuchajia. Sisi tuliimba hadi sauti zikatukauka.

Mambo yalibadilika milima ilipoanza. Trela ilituvuta nyuma, injini ikalia, na Sefu, ambaye kwa bahati mbaya ndio kwanza alikuwa amejifunza kusoma mshale wa petroli, akaanza kutangaza. "Baba, umeshuka. Baba, umeshuka tena." Mama alimwambia afumbe macho. Lakini tulifika. Tulipokunja kona moja, Mama Furaha akakata wimbo katikati, akasema, "Yesu wangu." Dunia nzima ilikuwa nyeupe. Niliruka kabla gari halijasimama vizuri, nikaanguka kifudifudi, nikala theluji. Haikuwa na ladha ya kitu, na ilikuwa tamu. Watu wengi walikuwa wamesimamisha magari pale, na mwenye shamba, mzee mwenye kofia ya sufu, alituruhusu tuingie kwenye malisho yake kwa sharti moja, naye apande.

Baba alimshusha Bata kwa ubao. Akapanda, akavaa kofia ngumu, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Akafungua tanki la Bata, akachungulia, akabaki ameinama vile vile.

Alikuwa amefikiria petroli ya kwenda na petroli ya kurudi. Alisahau kwamba Bata naye anakunywa.

Kilichobaki kwenye pikapu kilikuwa cha kuturudisha nyumbani kwa kubahatisha. Sote tulimgeukia Mama, maana hukumu ilikuwa yake na ushindi ulikuwa wake. Angesema tu, "Nilikwambia." Alisimama amejikunyata ndani ya blanketi, theluji imemfika kwenye vifundo vya miguu, akamtazama mume wake aliyeinamia dude bovu mbele ya watu.

"Vuta petroli kwenye gari," akasema. "Utie humo."

"Na kurudi, Mama Zawadi?"

"Kurudi niachie mimi."

Akaenda nyuma ya pikapu, akafunua blanketi. Kumbe beseni la pili la unga uliokandwa lilikuwa hapo muda wote, na jiko, na dumu la Mzee Nestori, na chupa ya mwisho ya Mama Furaha. Watu waliokuja kutazama theluji kwa viatu vya kawaida walikuwa wanatetemeka. Walipanga foleni hata kabla mafuta hayajachemka.

Na Bata akaamka! Baba alimchukua Mama wa kwanza, tena kwa kumlazimisha. Alipanda kwa upande, amemshika kiunoni, na walipopaa kwenye mteremko wa malisho kitenge chake kikipeperuka nilimsikia akipiga vigelegele, Mama yangu, shamba zima likaitikia. Kisha mimi. Upepo ulinitoa machozi, theluji ikanipiga usoni, tumbo likabaki nyuma. Nilipiga kelele mpaka mwisho, na nilipoteremka nilipanga foleni upya nyuma ya mwenye shamba. Tulirudi Joburg usiku, pikapu imeshiba petroli ya magwinya, sote tunanuka mafuta ya kukaangia, na Mama hakulitaja tena neno chuma chakavu.

Majira ya baridi yaliyopita theluji ilianguka tena kule kule. Baba na Mama ni wazee sasa, nakaa nao. Nikaandika kwenye kundi letu la simu la watu wa ule ua wetu wa zamani: mchango wa mafuta, twende. Kabla chai haijapoa pesa zilikuwa zimeingia. Hakuna aliyekosea; neno mafuta sasa tunalielewa wote. Mzee Nestori alituma salamu kutoka Burundi. Furaha alituma kutoka Kanada, akaongeza kwamba theluji imemchosha, anaizoa mlangoni kila asubuhi. Wengine wakatuma vidole gumba na mioyo. Nikajaza tanki mpaka juu, jambo ambalo Baba hakuwahi kulifanya maishani mwake, na Jumapili asubuhi tukakaa ndani ya gari, mimi kwenye usukani, Mama kando yangu, Baba peke yake nyuma, viti vilivyobaki vitupu. Wanangu walisema wameshaiona theluji kwenye simu.

Enzi zetu mafuta yalikuja siyo yenyewe, lakini watu walikuja wenyewe, wamevaa vizuri, wameyabeba kwa mikono miwili. Nilikuwa nawasha gari nikiwaza hayo, Mama akageuka akatazama viti vya nyuma. "Mama Furaha bado anakaa Rosettenville?" akauliza.

"Bado. Ameshatuma hela yake, Mama."

"Pitia kwake."

Alishuka mwenyewe, polepole na fimbo yake, akagonga. Mama Furaha alifungua akiwa amevaa ndala, nywele nyeupe kichwa kizima.

"Tumekuja kuchukua mafuta," Mama akamwambia.

Mama Furaha akamtazama, akanitazama mimi, akalitazama gari. Kisha akaingia ndani bila kuuliza, akatoka na blanketi begani na chupa ya mafuta ya kupikia.