Fundi anayepima kitambaa kwa mdomo

Saa kumi na moja alfajiri, taa haijawashwa, chuma kinagonga sakafu mara mbili, kisha kimya.

"Ni mkasi au ni wewe?" mumewe anauliza kutoka kitandani.

"Mkasi. Mimi bado nimesimama, lala."

Fundi cherehani huyu huanza kazi mapema, kabla miguu haijachoka. Anawasha taa, anainua kitambaa cha gauni na kukigusisha mdomoni. Vidole vyake vina ganzi, hivyo ulaini wa kitambaa anaujua kwa mdomo wa chini. Mwaka jana alijishona kidole pamoja na pindo la shati, asijue mpaka alipoona doa jekundu.

Kabla ugonjwa haujajulikana, maneno ya watu hayakukosekana. "Nilikuwa napepesuka mchana kweupe, jirani akaniuliza nakunywa wapi," anasema akicheka. "Nikamwambia, nikipajua nitakupeleka."

Jibu alilipata kliniki, miaka minne iliyopita. Ugonjwa wake unaitwa MS. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, zinashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu.

"Yaani nimeweka walinzi, wao wanamvunjia mwenye nyumba madirisha."

Magauni kumi kwa wiki yakawa matatu. Miezi minane sasa anajaribishiwa dawa mpya, na mara kwa mara anatoa damu. Maabara huzikutanisha chembe zake na vipande vya utando ule, kuona kama zitachachamaa. Leo anafuata majibu. Zikiwa bado kali, dawa itasitishwa. Na ameshamwambia mumewe kwamba hapo cherehani itauzwa.

Kijana wa maabara anamgeuzia skrini. "Hizi ni za mwanzo, dada. Ona fujo yake. Na hizi ni za juzi."

"Mbona zimekaa tu?"

"Ndiyo raha yenyewe. Sisemi umepona, dada. Zimetulia."

Fundi anakaa kwanza. Anajifuta macho kwa kiganja, anaomba aonyeshwe tena.

Alasiri amerudi nyumbani kwenye cherehani yake. Anapanga kumfundisha mumewe kukata vitambaa, yeye abaki na kushona. "Mkono wake mzito kama mchi, lakini atanyooka tu."

Mteja anabisha hodi. Binti wa fundi, mwenye miaka mitano, anakimbilia mlangoni.

"Mama yupo, anashona gauni lako."